Moto wa Kungoja

Mmeanza tena. Kila mkija likizo ni "Bibi, tusimulie ya Sabina, Bibi, tusimulie ya Sabina," kana kwamba Sabina ni sinema. Mtu ana debe zima la viazi vya kumenya, magoti yanamuuma, nanyi mmeshiba, mmejifunika mablanketi, mnataka kuogopeshwa. Haya. Nitalisema mara moja, na atakayeniuliza "halafu?" kabla sijafika huko, viazi hivi atamenya yeye. Mimi darasa la pili nililiacha katikati, kupamba maneno sijui. Nitaliweka lilivyo.

Sabina ni mtoto wa kaka yangu. Haya yote nimeyatoa kinywani mwake mwenyewe, miezi ile nilipokuwa nikimlisha uji kwa kijiko. Kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na tano alishwe uji kwa kijiko, mtajua.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa sita. Masika yamekwisha, nyasi za mlimani zimegeuka rangi ya kahawia, maua yamekauka yakabaki vijiti, na asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya mashamba kama unga uliomwagika. Huo ndio wakati watu wa mjini wanapenda kwenda kulala mlimani. Wana nyumba za bati, wana milango, wana vitanda. Wanaviacha vyote, wanapanda milima ya Uporoto kwenda kujilaza ndani ya mfuko wa turubai. Wanaita kempingi. Sisi zamani ukilala huko juu, ujue umepotelewa na ng'ombe.

Kambi ilikuwa ya Nasri, mfanyabiashara wa Mbeya mjini, mtu mstaarabu ambaye mwenyewe hakuwahi kulala huko hata siku moja, kwa sababu ana akili. Alijenga jiko la mbao lenye kuta tatu pale Ntumba, juu kabisa, miti inapokwisha yakabaki mawe na nyasi. Sabina akawa mpishi wake. Jackline akawa anamsaidia Sabina. Filemoni, mwanamume mpole mwenye miguu mirefu kama ya korongo, akawa mwenye kuwapandisha wageni na mizigo yao.

Jackline alikuwa na miaka ishirini, na Sabina hakumzaa. Alimlea. Mama yake Jackline aliitwa Rozalia, shoga yake Sabina, nyumba zao zinatazamana. Miaka tisa nyuma wawili hao walipanda mlima kuchimba chikanda, vile viazi vidogo vya maua ya mlimani wanavyovipenda Wazambia. Kuvichimba ni marufuku, lakini kila mtu alikuwa anachimba. Walipanda wawili, akarudi Sabina. Akasema Rozalia amevuka upande wa pili na mnunuzi mmoja Mzambia, wamependana, amekwenda zake. Basi, watu wakatema mate. Mwanamke gani anaacha mtoto wa miaka kumi na mmoja? Sabina akamchukua yule mtoto, akamsomesha, akamfundisha kupika. Kijiji kizima kikamsifu. Hata mimi nilimsifu, nilimpelekea na kuku.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kijijini kwetu watu wawili wakipanda mlima pamoja, asubuhi ile wanawasha moto katika nyumba ya mmoja wao. Unaitwa moto wa kungoja. Hauzimwi mpaka wote wawili wamerudi. Anayetangulia kushuka anaongeza kuni, anakaa. Iwe usiku kucha, iwe siku mbili, anakaa. Ukiuzima, umeuambia mlima kwamba huna mtu wako huko juu. Na lingine: mtu akija kwenye moto akitokea kwenye baridi, haulizwi jina. Anasogezewa nafasi, anaota. Akishapata joto atasema mwenyewe. Mtoto wa kunyonya wa huku anayajua hayo.

Siku aliyopanda Rozalia, moto uliwashwa nyumbani kwake, na Jackline mdogo ndiye aliyeachiwa kuulinda. Jioni ukakutwa umekufa. Sabina alimchuchumalia yule mtoto akamwambia, "Ulilala, mwanangu. Mama yako alitazama chini hakuona moshi, ndipo akamfuata yule mwanamume. Usilie. Hatutamwambia mtu."

Na kweli hawakumwambia mtu. Ila mpaka anakuwa msichana mkubwa, Jackline alikuwa akiona moto unafifia, hata moto wa jirani, anainuka mbio kuuchochea. Watu walimcheka. Sabina hakucheka.

Sasa turudi Jumamosi. Wageni walikuwa sita, wote wa Iringa, wamekuja kwa gari la kukodi. Mkubwa wao alikuwa Hanifa, mwenye duka la vitenge, mnene, mkarimu, kinywa hakifungwi. Alikuwa amebeba kapu la nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kana kwamba huku kwetu watu wanakula majani.

"Dada Sabina," akasema akihema kwa ule mwinuko, "Nasri anasema ugali wako unafufua wafu."

"Wafu wa huku hawali ugali, dada. Wanakula viazi."

Wakacheka wote. Filemoni akasimamisha mahema. Jua lilikuwa kali na baridi kali vilevile, kama kawaida ya huko juu: uso unaungua, vidole vinaganda. Mbali kule chini paa za kijiji zilikuwa ndogo kama visoda. Siku njema kabisa.

Saa nane ukungu ukapanda kutoka bondeni.

Haukuja kwa haraka. Ulichukua hema la kwanza, ukachukua la pili. Mtungi wa gesi ukagoma kwa baridi, ukawa unakohoa tu. Sabina hakushangaa, mtungi ule hugoma mara nyingi. Akaenda kwenye mafiga, akapanga kuni, akawasha. Moto ukashika vizuri, ndimi ndefu, nyekundu. Akainjika sufuria la maji ya ugali, akageukia mboga.

Baada ya nusu saa akatumbukiza kidole kwenye maji. Yalikuwa baridi.

Akaongeza kuni. Filemoni akaja, akachuchumaa, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Moto ukapanda hadi karibu na paa. Maji yakabaki vilevile. Wageni wakasogea mmoja mmoja na viti vyao vya kukunja, wakanyoosha mikono.

"Huu moto wenu ni wa kupigia picha?" akauliza Hanifa. "Mbona haupashi?"

"Kuni zina unyevu, mama," akasema Filemoni.

"Kuni za unyevu zinawaka hivi?"

Filemoni alikuwa ameupeleka mkono wake karibu na ndimi za moto. Akausogeza zaidi. Akauingiza. Akautoa na kuutazama, kisha akautia mfukoni, akaenda kusimama mlangoni. 

Jackline alikuwa amekaa kwenye kigogo, upande wa kushoto wa moto, anakata vitunguu. Sabina alimpa mgongo, anachambua mchicha. Akamsikia Jackline akisema kwa adabu, "Karibu moto, mama." Akasikia kigogo kikilia, kama kinavyolia mtu wa pili akikaa.

Hakugeuka. Alidhani ni mgeni mmoja. Wageni, kama Hanifa alivyosema baadaye, walidhani ni mtu wa jikoni. Jackline alidhani ni mmoja wa wageni. Filemoni alidhani ni mwanamke wa bonde la pili aliyepotea kwenye ukungu. Kila mtu alimwona, na hakuna aliyemuuliza.

Sabina alipogeuka kuomba kisu, aliona blanketi kwanza.

Lilikuwa la kijivu, lina mstari mwekundu, na pembeni lina kiraka cha kitambaa cha njano. Kile kiraka alikishona Sabina mwenyewe. Na blanketi lile, mwezi wa sita, miaka tisa nyuma, Sabina alilichoma nyuma ya nyumba yake mpaka likawa majivu, akayafukia majivu.

Mwanamke alikuwa amejifunika hadi kichwani. Uso hauonekani. Mikono imetoka, imenyooshwa kwenye moto, na kucha zimejaa udongo mweusi, kama za mtu aliyetoka kuchimba sasa hivi. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kipande cha kanga. Vidole vya mguu ule vilielekea kisigino kinapotakiwa kuwa.

Sabina akainamia mchicha wake. Aliniambia hakuogopa. "Shangazi, ningeogopa ingekuwa afadhali. Nilikuwa kama jino lililodungwa ganzi." Akaendelea kuchambua. Jani, jani, jani.

"Mama," akaita Jackline, taratibu.

"Nini?"

"Nimejikata."

Akainua kidole chake cha shahada. Kilikuwa kimepasuka hadi karibu na mfupa. Ndani palikuwa peupe kama kiazi kilichomenywa. Damu haikutoka.

"Sikusikia kitu," akasema Jackline. "Mama, mkono wangu siusikii."

Yule mwanamke akautwaa ule mkono wa Jackline. Akauweka katikati ya mikono yake miwili, kama mzazi anavyompasha mtoto aliyetoka mtoni.

Midomo ya Jackline ikaanza kubadilika rangi.

Sabina akasimama. Akamvuta Jackline begani. Hakusogea. Alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Hanifa akavua koti lake akamfunika, mgeni mwingine akaleta mfuko wa kulalia, wakamvisha. Moto unawaka, unapiga paa, nyuso zote nyekundu kwa mwanga wake, na pumzi ya kila mtu inatoka nyeupe.

"Asinzie kidogo tu, amechoka," akasema mgeni mmoja.

"Asisinzie!" Filemoni akapaza sauti kutoka mlangoni. Huko juu anayesinzia kwa baridi hatumwamshi tena, tunamfunga kwenye machela.

"Niache nilale, mama," akasema Jackline. "Kidogo tu."

Ndipo lile blanketi likageuka. Sauti ilikuwa ndogo, ya kawaida, sauti ya jirani anayeomba chumvi.

"Sabina. Uliniachia moto?"

Wengine hawakusikia. Sabina alijua hawakusikia kwa sababu Hanifa alikuwa anaendelea kusugua miguu ya Jackline na kumtaja Mungu wake.

Nitawaambia sasa ilivyokuwa siku ile ya miaka tisa, maana alilazimika kuikumbuka yote pale aliposimama, na mchicha mkononi. Walikuwa wamejaza mifuko miwili. Ukungu ukashuka. Rozalia akatumbukia katikati ya mawe, mguu ukageuka. Blanketi lilikuwa moja. Sabina akasema, nakwenda kuita wanaume. Akajitwika mifuko yote miwili, maana gari la mnunuzi lilikuwa linaondoka jioni ile. Akachukua na blanketi, maana ukungu ulikuwa mzito na yeye ndiye mwenye kutembea. Rozalia akamwambia, "Nenda, shoga. Ukifika ongeza kuni tu. Nikijua moto upo nitavumilia." Sabina akashuka. Akauza. Kisha akaanza kufikiri: nikiita wanaume watauliza tulifuata nini, askari wa hifadhi watakuja, mimi nitafungwa. Nitapanda kesho alfajiri peke yangu. Lakini moshi wa moto wa kungoja ulikuwa unaonekana kutoka nyumbani kwa Rozalia, na kila apitaye angeuliza ni nani bado yuko juu. Akamtuma mtoto kisimani. Akachukua ndoo.

Kesho alfajiri sakitu ilikuwa nzito. Sabina akapalilia viazi.

"Uliniachia moto?" ikauliza tena ile sauti.

"Ndiyo," akanong'ona Sabina. "Upo."

Moto wa kwenye mafiga ukawa mweupe. Mweupe wote, mpaka kwenye kuni. Kope za Jackline zikashikana, na juu yake zikaota punje ndogondogo za barafu.

Filemoni akaanza kulia kama mtoto. Hanifa akanyamaza. Mimi nawaambia, Hanifa kunyamaza ni jambo kubwa.

Sabina akamtazama yule msichana. Alimfundisha kusuka. Alimpeleka kliniki mgongoni alipougua surua. Kila asubuhi kwa miaka tisa alikuwa ameitwa mama, na alilipenda jina hilo kuliko chakula. Alijua akifungua kinywa halitakuwepo tena. Alijua asipofungua hatakuwepo wa kuliita.

 Mwenyewe aliniambia. Hakukimbilia kusema. Alipima. Jackline alikuwa anakufa mbele yake, naye alipima.

Kisha akapiga magoti.

"Sikukuachia," akasema, na safari hii alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Niliuzima, Rozalia. Nilimwaga maji. Jackline hakulala. Nilimtuma kisimani, nikamwaga maji, nikamwambia amelala. Hukwenda na mwanamume. Nilikuacha kwenye mawe."

Ukungu ulisimama.

Jackline akafumbua macho. Barafu ikakatika kwenye kope. Hakumtazama mwanamke wa blanketi. Alimtazama Sabina, na aliendelea kumtazama.

Yule mwanamke akaupeleka mkono kwenye mafiga. Moto wote ukazimika kwa mara moja, kuni zikawa nyeusi kana kwamba hazijawahi kuwaka, likabaki kaa moja jekundu la ukubwa wa ngumi. Akalichukua. Akalitia kwenye kiganja cha Sabina, akamfunga vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Kauwashe," akasema.

Kigogo kikalia, kama kinavyolia mtu akiinuka. Pale alipokuwa amekaa palikuwa pakavu, na pamejaa udongo mweusi.

Sabina akafanya kama mtu yeyote mwenye akili: akalitia kaa kwenye sufuria tupu. Likawa jeusi papo hapo. Jackline akashtuka, macho yakaanza kugeuka. Akalirudisha mkononi, likawa jekundu. Akajaribu kulifunga kwenye jani la kabichi. Jeusi. Akalitia kwenye kigae. Jeusi. Mkononi, jekundu. Akaelewa.

"Mbebe," akamwambia Filemoni.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Kutoka Ntumba hadi kijijini ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima mwenye afya. Sabina akatangulia, mikono imekusanywa kifuani, kaa katikati. Filemoni nyuma yake, Jackline mgongoni amefungwa kwa kamba ya mizigo. Wageni wakaacha mahema yamesimama, wakafuata wameshikana nguo, kwa sababu katika ukungu ule kitu pekee kilichoonekana kilikuwa ule wekundu uliokuwa ukipenya kati ya vidole vya Sabina.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Hanifa alidhani kuna watu mbele wanachoma nyama. Akakaza mwendo, akafika ubavuni kwa Sabina, akatazama.

"Dada! Mikono yako! Tupa! Tupa hilo!"

Sabina akatazama chini. Aliona ngozi imejikunja kama ganda la kitunguu. Aliona moshi. Hakuhisi kitu. Hakuhisi joto, hakuhisi maumivu, hakuhisi hata uzito wa kaa. "Nilikuwa kama nabeba mikono ya mtu mwingine," aliniambia.

"Bado mbali," akamjibu Hanifa, akaendelea kutembea.

Nyuma ya msafara kulikuwa na hatua nyingine. Mguu unakanyaga. Mwingine unaburuzwa. Unakanyaga. Unaburuzwa. Mgeni wa mwisho kwenye mstari hakugeuka hata mara moja, na mpaka leo akisikia mtu anaburuza ndala anatoka chumbani.

"Kaka Filemoni," akanong'ona Jackline kule mgongoni.

"Nakusikia. Usilale."

"Mikono yako yote miwili iko mbele?"

"Iko mbele, nimeshika kamba."

"Basi ni nani amenishika mgongo nisidondoke?"

Filemoni akaongeza mwendo.

Walifika saa moja, giza linaingia. Nyumba ya Rozalia ilikuwa imegeuzwa stoo ya mbegu za viazi. Sabina akasukuma mlango kwa bega, akapiga teke magunia, akayakuta mafiga yaleyale matatu, na chini yake majivu ya miaka tisa, yameganda kama udongo wa tope kwa yale maji. Akafungua mikono. Kaa halikudondoka mara moja. Alilazimika kulitikisa, maana lilikuwa limeshikana naye.

Moto ukashika bila kuni. Ukapanda. Na ulikuwa na joto. Wote walilihisi mpaka nje barazani, wakaingia wakisukumana.

Kidole cha Jackline kikaanza kutoka damu. Kilichokatika saa tisa mchana kikatoka damu saa moja jioni, damu nyingi, nyekundu, ikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Akalia kwa uchungu. Hanifa akapiga vigelegele kwa kuiona damu.

Jackline alipomaliza kufungwa kitambaa, akamtazama Sabina ng'ambo ya moto.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema.

 Siku ya tatu aliondoka na Hanifa. Sasa yuko Iringa, anauza vitenge, ameolewa na mwalimu. Akituma salamu kwangu humtaja Sabina kwa jina lake tupu, Sabina, kama unavyomtaja mtu wa kijiji kingine.

Wanaume walipanda Jumatatu kumtafuta Rozalia kwenye yale mawe. Mifupa hawakuipata. Walikuta kipande cha kanga, kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya jiwe. Nasri aliyang'oa mahema yake na kufunga kambi, hakuuliza kitu, akamlipia Sabina dawa.

Hospitalini walimkata vidole vinane. Walimbakizia gumba la kushoto na kidole cha mwisho cha kulia. Daktari alitaka kumdunga sindano ya ganzi, Sabina akamwambia usijisumbue. Daktari akakata huku Sabina anamtazama. Ile ganzi haikutoka tena. Ilianzia mikononi, ikapanda mabegani, sasa iko mwili mzima. Nilipomlisha uji ilikuwa lazima niuonje mimi kwanza, maana ungemuunguza ulimi naye angeendelea kumeza.

Anaishi mle, kwenye nyumba ya Rozalia. Moto wa kungoja unawaka. Rozalia hajarudi, kwa hiyo hauzimwi. Jumamosi nampelekea kuni, anazisukuma kwenye mafiga kwa viwiko. Na kila Jumamosi, nikifika asubuhi, nakuta kwenye majivu, upande wa mbali na anapokaa yeye, alama za viganja viwili, vimekandamizwa vizuri. Nimeinama nimevihesabu kwa macho yangu haya. Vina vidole kumi.

"Ni nani amekuja kuota?" nilimuuliza.

"Shangazi," akasema, "anayekuja kwenye moto haulizwi."

Mnadhani alilipa vidole. Vidole ni vya nini, hata mimi hivi vyangu vimepinda na bado namenya viazi. Alicholipa ni hiki. Mtu mwingine anayelinda moto anaweza kusinzia. Moto ukififia, baridi inamwamsha, anaongeza kuni, anasinzia tena. Sabina baridi haimwamshi. Hajui kama moto upo au umekufa mpaka autazame. Kwa hiyo anautazama. Ni mwaka wa tatu sasa, amekaa kwenye kigogo, macho wazi, mekundu kama lile kaa, na hajayafumba.